Tofi za Nelda na Farasi Niliyemtoa kwa Tela

Jumatano, 3 Desemba. Fort Worth.

Tumefika. Baridi kali. Nelda, mke wangu, anasema chumba cha hoteli kinanuka vitunguu. Kweli kinanuka, lakini sikuja kunusa vyumba. Nimekuja kumwona Biskuti akishindwa.

Niandike ukweli, daftari hili hakuna alisomaye. Biskuti ni farasi jike aliyezaliwa bandani kwangu. Mama yake alikufa, tukamlea kwa chupa jikoni, mimi na Nelda kwa zamu. Alipofika mwaka na nusu nikamwonyesha ndama. Akapiga miayo! Farasi wa kazi yetu, ya kutenga ndama na kundi, akiona ndama lazima masikio yasimame. Nikasema huyu hana ng'ombe moyoni. Nikampa jirani yangu Odell Stroud, naye akanipa tela. Nilijiona mjanja wiki nzima, mpaka sakafu ya tela ilipotoboka.

Sasa Biskuti ana miaka mitatu na yuko nusu fainali ya mashindano makubwa kuliko yote. Kwetu Millsap wanaume hunywa kahawa kwenye duka la chakula cha mifugo, na pale mimi ndiye mwenye jicho la farasi. Miaka thelathini hakuna anayenunua kabla ya kuniuliza. Akishinda huyu, jicho langu ni kichekesho. Nitakunywa kahawa yangu wapi?

Alhamisi, 4 Desemba

Nimedamka kwenda mabandani. Mpango: nimkague Biskuti, nipate kasoro, niitangaze kwa upole. Mguu uliovimba, pumzi fupi, chochote. Nusu saa nzima. Hana kasoro hata ya dawa! Nikainama kutazama kwato, akanivua kofia kwa meno. Alinitambua. Kisha akachomeka pua kwenye mfuko wa koti, pale pale nilipokuwa nikimfichia sukari. Nikajisikia vibaya. Kidogo tu.

Odell akanikuta nimeinama. Nilidhani atafoka. Wapi! Kaninunulia kahawa, kanipa na tiketi mbili za mstari wa tano, karibu kabisa na uwanja. Eti ni haki yangu, mimi ndiye niliyemlea. Anaudhi mtu huyu. Hata nafasi ya kumchukia anakunyima.

Ijumaa, 5 Desemba

Nusu fainali. Anayempanda ni Rhonda Teague, mwanamke wa Oklahoma asiyecheka ovyo. Anaingia na farasi katikati ya kundi taratibu, anatenga ndama mmoja, kisha anashusha mkono wa hatamu. Kuanzia hapo hana amri. Ndama anataka kurudi kwa wenzake, farasi anamkatalia kwa akili yake mwenyewe. Dakika mbili na nusu, ndama wawili au watatu, mmoja baada ya mwingine.

Biskuti alikataa kwelikweli. Kila ndama alikogeukia, yeye keshafika. Na watu sasa! Mbinja, mayowe, wazee wazima wamesimama juu ya viti. Ndiyo desturi yetu: farasi akifanya kazi jukwaa linampigia kelele, naye anapata moto zaidi. Alama 221. Fainali!

Mimi nilibaki nimeketi, mikono nimekunja. Nelda akasonya. "Wewe mzee," akaniambia, "unamwonea wivu mtoto uliyemnywesha maziwa kwa mkono wako."

Wivu gani? Natafakari tu. Na nimeshaijua siri yake: ni kelele. Ondoa kelele, utaona miayo.

Jumamosi, 6 Desemba

Mpango bora kuliko yote tangu nizaliwe. Nelda alipika kopo zima la tofi za karanga, zawadi ya Krismasi ya dada yake. Tofi zake zinajulikana Millsap nzima: ukiuma moja, taya hazifunguki kwa dakika tatu. Na farasi anafanya kazi dakika mbili na nusu. Hesabu ya mbinguni!

Biskuti alikuwa wa nane kuingia. Wa saba alipotoka, Nelda akiwa bado msalani, nikalipitisha kopo mstari wa nne, wa tano na wa sita. Nikatabasamu kila upande. Mama mmoja wa mbele yangu, mwenye kofia pana, alichukua tatu akaniombea baraka. Nikala na mimi moja, nisije nikashukiwa.

Kazi ikaanza. Upande wetu kimya! Watu hamsini wanatafuna, wanatazamana. Mwanamume mmoja alijaribu kupiga mbinja, akatoka udenda. Furaha niliyokuwa nayo!

Ndama wa tatu alikuwa mwekundu, uso mweupe, shetani mtupu. Akachomoka kushoto, akageuka, akachomoka kulia. Biskuti akateleza. Magoti yakagusa mchanga. Kule chini nilimwona Odell amefumba macho.

Si ndicho nilichokitaka? Sijui kilichonipata. Nilimwona yule mdogo wa jikoni, miguu inatetemeka, anatafuta chupa. Moyo uliniuma vibaya sana. Nikapanda juu ya kiti.

"Inuka, mwanangu! Inuka umzuie!"

Sauti ilitoka na tofi, na tofi ikatoka na jino langu la bandia. Vyote vikatua kwenye kofia ya yule mama. Biskuti akainuka. Akamkabili ndama uso kwa uso, akamzuia pale pale mpaka kengele ikalia. Nililia mbele za watu. Alama 226. Bingwa!

Odell akatuvuta kwenye picha ya washindi. Nimepigwa nimebana midomo kama nimenuna. Nilimwambia hongera, nikamaanisha, nikajishangaa. Naye akanishika bega.

"Upande wenu wote ulikuwa kimya, ndugu yangu," akasema. "Nilisikia sauti moja tu. Yako."

Sikutaja tofi. Nelda alikuwa ameshika kopo tupu, ananitazama. Odell akasema anao wadogo zake Biskuti wawili, wa baba mmoja, wana mwaka mmoja. Nije kesho nichague mmoja, bure. Kwa jicho langu lile.

Jumapili, 7 Desemba. Millsap.

Nimechagua! Wanaume wa dukani walikuja wote kushuhudia. Nikazunguka taratibu, mikono nyuma, watu wakanipisha.

Mweusi: mpole, manyoya yanang'aa, amesimama anasinzia juani. Unaweza kumwegemea. Wa kahawia: hana adabu kabisa. Alikuwa amembana mbwa wa Odell kwenye kona ya uzio. Mbwa akienda kushoto, yeye kushoto. Mbwa akienda kulia, yeye kulia, masikio yamesimama wima. Maskini mbwa alikuwa anataka tu kwenda nyumbani.

Odell akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nelda alikwenda kukaa kwenye gari.

Nimemchukua mweusi. Farasi wa kusumbua mbwa nimpeleke wapi?