Kopo la Rangi na Ubao wa Shangazi

Jumatatu, 7 Julai
Balaa! Tashina, mwenyekiti mpya wa kamati ya ngoma kuu ya kiangazi, karudi kutoka chuoni na mawazo yake. Eti neno "Mhindi" marufuku. Tulibandikwa na wazungu waliopotea njia, wakadhani wamefika India. Sasa tuitwe Wenyeji wa Asili. Na mshereheshaji naye atachaguliwa upya. Maikrofoni yangu! Miaka kumi na moja nimeishika. Bila hiyo mimi ni nani hapa kwetu? Mzee mwenye goti bovu. Leland anaimezea mate, na sauti yake kama trekta. Nitalifuta neno hilo kabla yake, nimpendeze Tashina. Nimenunua rangi nyeupe.

Jumanne, 8 Julai
Nilianzia kibanda cha Shangazi Arlene. MIKATE YA KIHINDI, ubao uliopo tangu nikiwa mtoto. Nimeshafuta KIHI, akatoka na mwiko unaochuruzika mafuta ya moto. Aliniuliza nimelewa au nimerogwa. "Nyumbani mimi ni Nakoda, jina la kabila letu," akasema. "Mhindi ndivyo serikali ilivyoniandika. Lilikuwa tusi, tukalivaa, tukalishonea shanga. Leo wewe unafuta nini, Delbert mwanangu?" Nikafunga kopo langu, nikaondoka. Na nilisahau kabisa kwamba naye ana kura kwenye kamati. Ole wangu!

Alhamisi, 10 Julai
Nimegeuza kibao. Bango la futi kumi: WAHINDI OYEE! Ngazi niliazima kwa Jayanti, Mgujarati mwenye moteli. Alicheka. Miaka thelathini watu hapa humuuliza yeye ni Mhindi wa aina gani. Huwajibu, yule mwenye vyumba vitupu. Nilitaka Shangazi alione. Aliyeliona kwanza ni Tashina. Leland alimleta kwa gari, mnafiki yule! Tashina hakupiga kelele. Aliniuliza tu kwa nini simheshimu. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 12 Julai
Siku ya ngoma. Kwetu, anayetaka kumheshimu mtu humpa zawadi mbele ya watu wote. Nikamwita Shangazi uwanjani. Nikatoa blanketi la viraka lenye mchoro wa nyota, zuri kuliko yote sandukuni mwangu. Nikalikunjua. Pembeni, kwa uzi mwekundu: "Kwa Delbert, kutoka kwa Arlene." Alinishonea yeye, tulipomzika mama. Shangazi akalikunja polepole, akaenda nalo. Maikrofoni kapewa Leland. Nimelia garini kama mtoto.

Jumapili, 13 Julai
Asubuhi Shangazi kaja na mikate ya moto, na blanketi. Akanifunika mabegani. Akasema hili ni langu, mjinga mimi, na kwamba yeye alinipenda kabla sijashika maikrofoni yoyote. Nikalia tena. Maneno mazito. Nimeyaweka moyoni.

Lakini nimewaza. Tashina hataki Mhindi. Shangazi nyumbani ni Nakoda. Basi NAKODA! Ubaoni, KIHINDI imebaki NDI tu, kazi ya dakika tano. Wote watafurahi, na Leland atajua mimi ni nani. Shangazi yuko kanisani hadi saa sita. Rangi ipo, nusu kopo.