Nyumba Imekwisha, Imebaki Kidogo

Jumatatu, 3 Machi

Tumehamia! Nyumba yangu, kwa jasho langu. Imekwisha. Imebaki kidogo tu: dari, lipu, madirisha ya nyuma, ukuta mmoja, na maji. Mke wangu alisimama sebuleni na godoro kichwani akiuliza aliweke wapi pasipo na vumbi. Nikamwambia aanze kuzoea maisha ya mwenye nyumba. Akalitandika juu ya mifuko ya saruji.

Jioni dada kapiga simu. Mama anazidi kudhoofika, chakula hakishuki. Anataka kuja kwangu. Maisha yake yote amepanga vyumba kwenye nyumba za watu. Anasema kabla hajafumba macho, alale walau kidogo katika nyumba ya mwanawe. Nikajibu bila kuvuta pumzi: aletwe Jumamosi, kila kitu tayari! Kisha nikakaa nikiyatazama mabati. Maji yamenifika shingoni.

Jumatano, 5 Machi

Jibu limepatikana. Mimi ni mpiga picha wa studio, bwana! Kazi yangu ni kumpa asiye na bustani picha akiwa bustanini. Chumba cha Mama hakina ukuta upande wa stoo. Mwashi aliishia magotini, akaenda kunywa chai, hajarudi. Nimeleta pazia kubwa la studio, lile lililochorwa sebule ya kitajiri: makochi, maua, ngazi ya kupanda ghorofani. Nimelitundika. Ukifumba jicho moja, ikulu!

Mke wangu anasema macho ya Mama hayaoni vizuri, hahitaji ghorofa ya rangi, anahitaji upepo uzibwe. Haoni mbali, mke wangu. Hata hivyo dirisha nimelipigilia nailoni.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amefika. Nilimbeba kutoka kwenye gari. Amekuwa mwepesi mno. Nikajifanya nahema, asije akajua.

Shemeji, mume wa dada, kaja naye. Nyumba yake ina vigae mpaka jikoni, na haipiti siku bila kutukumbusha. Alizunguka akigonga kuta kwa kidole kama daktari anayepima kifua. Nikamfuata unyounyo. Chumbani kwa Mama akasifu makochi, akaegemea ukuta. Ukuta ukampokea, ukampitisha. Tulimkuta stoo, miguu juu, kajifunika maua.

Mama akauliza kimeanguka nini. Nikasema ni shemeji, ametaka kuiona stoo. Mama alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka dada akatoka nje kulia.

Jumapili, 9 Machi

Bomba. Mama alikokaa kote amenawa kwa ndoo ya kushirikiana. Nikaapa kwangu atanawa bombani. Maji hayajaunganishwa, koki yenyewe ni mbovu, inazunguka tu. Lakini mwenye akili hakosi mbinu! Mke wangu asimame nje ya ukuta na jagi. Mama akishika koki, mimi nakohoa, yeye anamimina ndani ya bomba.

Mara ya kwanza, safi kabisa. Mara ya pili Mama akakohoa mwenyewe. Maji yakatoka bila koki kuguswa. Akakohoa tena. Maji. Mama akasema, “Mwanangu, bomba lako lina huruma.” Kisha akapaza sauti kuelekea ukutani: “Mkwe wangu, ondoka juani. Mkono wako umechoka.”

Sijui alijuaje. Lazima jagi liligonga ukuta. Mke wangu hana uangalifu.

Nilipomrudisha kitandani Mama akaniambia nikae. Eti anaisikia harufu ya saruji mbichi, ni harufu nzuri, niketi tuinuse pamoja. Nikasema nakuja, ngoja nimpate kwanza mpiga lipu.

Jumanne, 11 Machi

Mpiga lipu hapokei simu. Mama kaniita asubuhi, nikasema nakuja. Mchana kaniita tena, nikiwa juu ya paa naziba tundu. Tukaongea hivyo hivyo, yeye kitandani, mimi kwenye bati. Akauliza kama nakumbuka kile chumba cha kupanga, mwenye nyumba alivyotukataza kugonga hata msumari wa kutundikia koti. Nikasema nakumbuka.

“Basi gonga.”

Nikagonga.

“Gonga tena, mwanangu. Gonga utakavyo.”

Niligonga mpaka mkono ukafa ganzi. Jirani akatoka kuuliza kuna nini. Mke wangu anasema huko chini Mama alikuwa anatabasamu. Mimi sikuona, nilikuwa juu.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi mke wangu alikuwa akimlowesha Mama midomo kwa pamba. Akaniomba leo nisitoke. Nikamwambia narudi sasa hivi. Nakwenda kuchagua vigae vya chumba cha Mama, shemeji naye anyamaze.

Dukani kuna rangi ya maziwa na rangi ya mchanga. Nikashindwa kuamua. Muuzaji akavipanga sakafuni, nikavikanyaga, nikarudi nyuma, nikafumba jicho. Simu ikaita mfukoni. Nikadhani ni shemeji, nikaiacha iite mpaka ikachoka.

Alikuwa mke wangu.

Nilipofika Mama alishafunikwa. Mke wangu hakunilaumu. Alisema tu kwamba Mama aliuliza niko wapi, naye akamwambia niko chumba cha pili. Mama akasema, “Nyumba kubwa hii.” Akanyamaza.

Nilichagua rangi ya maziwa.

Jumatatu, 24 Machi

Wageni wamekwisha kuondoka. Dada amechukua blanketi la Mama. Nyumba ina mwangwi. Nikipiga chafya sebuleni, stoo inaitika.

Mke wangu ameomba kitu kimoja. Tangu tuhamie hajaomba chochote. Anataka mlango wa chumba cha kulala, wa ubao wowote ule, aufunge apate pa kulia. Na nikipenda, anasema, niingie tulie pamoja. Nikamwambia nimesikia.

Lakini mtu hajengi kwa pupa. Waliokuja kutupa pole wote waliitazama nyumba kwa mbele, na mbele haina kitu. Aibu! Hapo ndipo wazo liliponijia. Nguzo! Nguzo nene za duara, na roshani juu yake. Apitaye barabarani asimame. Mwashi mpya anakuja kesho. Mlango utafuata, mlango si kitu.

Mke wangu ananiita. Yuko kitandani, kajifunika kichwa. Nimemjibu nakuja. Nimalizie tu kuchora nguzo ya pili.