Utepe wa Kituo cha Mafumbo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji chetu hiki kilichopakana na Mafinga, waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru, Baba Paroko, Mchungaji, wanakwaya, wapasua mbao, wagema ulanzi, na wewe mama uliyekalia kiti cha meza kuu, kamwene! (Kamwene!) Itifaki nayo iketi, imesimama tangu asubuhi. (Makofi.)

Ndugu wananchi, mimi Fanueli, Mratibu wa Mafumbo Nyanda za Juu, mtu nisiyependa kujisifu ingawa sifa zenyewe hunifuata hadi Mbalizi, nimekuja kuwafungulia Kituo cha Tamathali za Semi katika Nyimbo, kilichotekelezwa kwa asilimia mia moja na nne, kwa kushirikisha mastekiholda wote, chenye studio ya kisasa ambamo wasanii wetu watarekodi bure mara tu nitakapokata utepe huu uliofungwa kwenye mlango huu. (Watu wanachungulia nyuma ya mlango, uliosimama peke yake mbele ya mipaini.) Msichungulie jamani, mnaharibu ratiba.

Sasa, mnajua kwamba binti yetu Blandina alizuiwa na ofisi yangu kuimba wimbo wake hadharani, kwa kushukiwa kuficha fumbo la kumdhalilisha kiongozi, na tangu hapo hajaalikwa hata harusi moja, na hiyo ndiyo kazi yake. Maneno yenyewe ni haya: umenipa mlango wa mninga, nimefungua, nimeona mipaini. Baada ya fizibiliti stadi niliyoiongoza mwenyewe, nikiwa pia mjumbe na katibu, imebainika kuwa ni mapenzi matupu: mlango ni moyo, mninga ni uaminifu, na mipaini ni watoto wengi. (Kicheko kirefu upande wa mafundi.) Chekeni tu, hiyo ndiyo kapasiti bilding. Kwa hiyo naufungulia wimbo huo kuanzia dakika hii. (Vigelegele.) Sasa Blandina apande hapa, athibitishe maana niliyoitoa.

(Blandina anapanda, anapiga goti kidogo, anashika kipaza sauti.)

"Shikamoo, mheshimiwa. Mule hamna fumbo. Mlango ndio huo hapo."

(Mtu mmoja anauanzisha wimbo, na uwanja mzima unaitikia.)

Eeh. Binti ana kipaji, nakiri. Ningependa kuitafakari upya ile ruhusa, lakini naona mmeshafika kwenye kiitikio, na kwaya imeongeza sauti ya nne.

Basi tuhitimishe. Nikisema fumbo, ninyi mseme fumbua. Fumbo! (Mipaini!) Nasema, fumbo! (Mipaini!)

Haya, shukrani. Namshukuru fundi Kasian aliyetuazima mlango, na namwomba auwahishe kabla ya giza, maana mama Verediana alimpa aupake vanishi tu, na mpaka sasa kwake wamefunga kwa pazia. Utepe naondoka nao mimi, kesho unahitajika Kalenga.