Malalamiko Kuhusu Msiba Ambapo Hakuna Aliyesinzia

Ndugu Mkuu wa Shule,

YAH: MWALIMU WAKO WA HISTORIA

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kwamba Jumamosi iliyopita, saa saba mchana, kwenye msiba uliokuwa Magomeni, wasifu wa marehemu Mzee Elimringi ulisomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakuna mtu aliyesinzia.

Mimi, Kasmir, ndiye mwandishi wa wasifu wa chama chetu cha kuzikana, sisi wafanyabiashara wa Kariakoo tuliotoka Kilimanjaro. Kazi hii sikuisomea, nilijifunza mwenyewe kwa kukaa misibani. Nimeifanya miaka kumi na tisa na hakuna marehemu hata mmoja aliyewahi kulalamika. Sasa Jumapili hii chama kinakaa kuamua kalamu abaki nayo nani: mimi, au binti wa kidato cha tatu. Ndiyo maana nakuandikia leo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwalimu Paskalina haandiki notsi ubaoni. Nimeulizia, ni kweli. Anawaambia wanafunzi wachague mtu mmoja wa ukoo, wawahoji watu watatu wasioelewana kuhusu mtu huyo, na wasipopata jibu waandike "sijui". Wakati wetu neno "sijui" lilikuwa na viboko vyake. Leo linapewa maksi.

2. Mzee Elimringi, muuza vyombo wa jumla, alipofariki, mimi nilishaandika wasifu wake. Mjukuu wake Brightness, ndiye huyo binti wa kidato cha tatu, akasema naye anao wa kwake, aliuandika kama kazi ya darasani kwa Mwalimu Paskalina babu akiwa hai. Mjane, Mama Mektilda, akakata shauri: "Asome mtoto. Kasmir tunamjua." Nililichukulia hilo kuwa ni sifa.

3. Kwenye wasifu wangu, marehemu wote walishirikiana vizuri na watu wote. Huo ndio utaratibu. Brightness akasoma, bila hata kukohoa: "Babu hakuongea na jirani yake wa duka, Mzee Shaibu, kwa miaka saba, kwa kugombea kivuli cha turubai." Nikafumba macho kwa aibu. Nilipoyafumbua, watu walikuwa wamesogeza viti mbele.

4. Akaendelea: "Kila Alhamisi mchana babu alifunga duka. Alikokuwa anaenda, sijui." Mbele ya jeneza! Mbele ya mchungaji! Mzee Shaibu akasimama kule nyuma.

"Alikuwa na mimi Mnazi Mmoja. Tunacheza drafti."

Mama Mektilda akageuka. "Si mlinuniana nyie?"

"Tulinuniana, shemeji. Hatusemeshani, tunacheza tu. Na mumeo alikuwa anaiba kete."

Mjane alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia, na msiba mzima ukamfuata. Hata mimi nililazimika kutumia kitambaa changu, jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba.

5. Madhara yameshaenea. Mzee Robert, mwanachama wetu, mtu mzima wa afya kabisa, ameanza kuwapelekea soda majirani aliokosana nao, eti wasije wakahojiwa. Mama Victoria, naye wa chama, amemwomba Brightness aanze kumwandika mapema, angali anaweza kujitetea. Watu sasa wanaishi wakiangalia watakavyoandikwa. Ukiliacha hili, ndugu yangu, Kariakoo tutafika mahali watu wanapima kilo kamili. Hapo mtaa ukifilisika nani atawajibika? Wizara?

Kwa hiyo naomba Mwalimu Paskalina arudishwe kwenye tarehe za vita na majina ya magavana, vitu visivyo na wajukuu. Naomba pia barua yenye muhuri wako, inayosema kwamba ukweli haufai kusomwa mbele ya wafiwa, inifikie kabla ya Jumapili.

Nisalimie walimu wote, mama wa kantini na mlinzi wa getini. Mwalimu Paskalina msalimie pia, ila asianze kuniulizia kwa watu.

Wako katika kalamu na majonzi,

Kasmir
Mwandishi wa Wasifu (hadi Jumapili)

NB: Ule wasifu wangu wa Mzee Elimringi, ambao haukusomwa, nimeutoa leo kwenye mfuko wa koti ili niuambatanishe kama mfano wa kazi safi. Siuambatanishi. Aya ya tatu inasema marehemu alijifungua watoto sita, wote salama.