Pointi Kumi kwa Kila Picha

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi wa hospitali kaingia ofisini kwetu asubuhi, uso umekunjamana. Malalamiko! Wagonjwa wasioona wanashindwa kuweka miadi kwenye tovuti yetu. Wasiosikia hawaelewi video zetu. Mwenye mkono unaotetemeka hakipati kitufe cha kutuma, kwa kuwa ni kidogo kama punje ya mtama. Tumepewa hadi Jumatano ya wiki ijayo. Atakayeleta mabadiliko ndiye atakuwa Mkuu wa Kitengo cha Tovuti.

Mkuu! Chumba chenye mlango! Sasa hivi nakaa bega kwa bega na mwenzangu tunayemwita Miwani, ambaye hutafuna karanga na kujisomea kazi yake kwa sauti. Miwani akasema turekebishe ukurasa mmoja baada ya mwingine mpaka tumalize. Hiyo ndiyo akili yake yote. Punda wa kinu, anazunguka na kuzunguka.

Mimi nimefikiri. Mpwa wangu hushinda na simu akicheza mchezo. Halipwi, hashukuriwi, anapewa nyota tu, na kula anasahau. Basi wafanyakazi nao wapewe nyota! Wao wataitengeneza tovuti, mimi nitachukua chumba.

Jumanne, 4 Machi

Mchezo uko tayari. Nimeuita Shindano la Tovuti kwa Wote. Kila mfanyakazi anaruhusiwa kucheza. Kuandika maneno chini ya video, pointi thelathini. Kukipa kitufe jina, ishirini. Kuandika maelezo ya picha, kumi. Asiyeona husomewa ukurasa na simu yake kwa sauti, na simu ikifika kwenye picha haina la kusema isipokuwa picha hiyo imeandikiwa maneno. Maneno hayo hukaa ndani ya ukurasa, jicho haliyaoni. Kuna nishani ya Swala, ya Chui, na ya Simba. Kuna ubao wa washindi, mkubwa, wenye sura ya kila mchezaji na alichokifanya.

Mkurugenzi kafurahi. Miwani akauliza nani atakagua kama maelezo yenyewe yana maana. Nikamwambia wivu utamkondesha.

Nyumbani nimemweleza mama mkwe. Anaishi nasi tangu apasuliwe goti. Alipofuka zamani, lakini simu yake humsomea kwa kasi ambayo mimi sishiki hata neno. Anataka kujiwekea mwenyewe miadi ya mazoezi ya goti. Kamwambia mke wangu kuwa yeye si mzigo wa kupelekwa na kurudishwa na watu. Nikamwahidi kwamba wiki ijayo ataweza. Akajibu kuwa ahadi zangu anazisikia tangu siku ya posa.

Alhamisi, 6 Machi

Mchezo umeshika moto! Mhasibu hajafungua vitabu vyake tangu jana. Mtunza stoo kafunga stoo. Pointi zinamiminika.

Nikachungulia kazi yenyewe. Ole wangu. Mhasibu kaandika maelezo ya kila picha kwa neno moja: "picha". Mtunza stoo ni mshairi zaidi, kaandika "picha nzuri". Mpokezi ndiye shetani hasa. Asubuhi anafuta majina ya vitufe, mchana anayarudisha, na kila akirudisha anajizolea ishirini. Anaongoza! Watu gani hawa? Unawamwagia mtama, wanakula hadi gunia.

Nilitaka kuwakaripia. Ila Mkurugenzi kapita, kauona ubao umejaa tarakimu, kanipiga bega mbele ya watu wote. Nikaona karipio lisubiri.

Miwani ndiye wa mwisho. Siku tatu yuko kwenye fomu ile ile ya miadi. Anaijaribu akiwa amefumba macho, leo kaimwaga chai yake kwenye karanga. Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Mwenye mchezo ni wa tatu, nyuma ya mhasibu!

Nikauchukua ukurasa wa "Watumishi Wetu". Sura za hospitali nzima, pointi kumi kila sura. Kuandika "picha" ni kazi ya wavivu, mimi nina kipaji. Tena maneno yenyewe hayaonekani, basi kwa nini nisijiburudishe? Daktari wa upasuaji: "Mwanamume aliyepigwa picha hii akiwa kijana na hajakubali kwamba siku zimepita." Mhasibu: "Wigi limekaa upande, mwenyewe kakaa chini yake." Miwani: "Punda wa kinu, kavaa miwani." Mkurugenzi nilimpa muda wangu: "Kitambi kimetangulia, mwenyewe anafuata. Anatabasamu kama aliyebanwa na kiatu."

Jioni nilikuwa wa kwanza. Nishani ya Simba! Miwani hana hata Swala.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaijaribu tovuti. Nilikuwa nimewawekea nyota wagonjwa nao, ili wapate ari. Basi kila akigusa kitu simu inapiga kelele: Hongera, umepata nyota! Akigusa jina lake, hongera. Akigusa goti la kushoto, hongera. Mwisho nyota ikatua juu ya kitufe cha kutuma, na fomu yote ikafutika.

Mezani kasema aliomba kigoda, kaletewa ngoma. Nikamweleza habari ya ari. Akauliza mtu anahitaji nyota ngapi ndipo goti lake litazamwe. Mke wangu alicheka hadi akaondoka mezani. Damu nzito kuliko maji, wamoja hao.

Lakini mimi sikosi la kufanya. Jumatano nitamleta mama mkwe ukumbini kama mgeni wa heshima. Mama mtu mzima, asiyeona, anajiwekea miadi mbele ya Mkurugenzi na kumshukuru mkwewe! Nani atampa Miwani chumba baada ya hapo? Nimemwomba. Kakubali upesi mno. Ananipenda, hajui tu kuonyesha.

Jumanne, 11 Machi

Miwani kaja kuomba aziondoe nyota kwenye fomu ya miadi. Nikamkatalia. Kisha nikakumbuka viti vya ukumbini havijapangwa. Nikamruhusu, kwa sharti apange viti vyote peke yake. Kakubali! Mjinga huyu, kauza jasho kwa bure.

Nimefunga vipaza sauti pande zote. Nataka hata walio nyuma wasikie.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Ukumbi umejaa. Mkurugenzi mbele, madaktari nyuma yake, mhasibu kavaa wigi jipya. Mama mkwe kaunganisha simu na vipaza sauti. Fomu ya miadi kwanza. Jina, goti, siku, kitufe. Ikatangaza kwa sauti ya upole kwamba miadi imepokelewa. Mama mkwe kaiomba irudie. Ikarudia. Makofi! Nikainama kushoto, nikainama kulia.

Ningekomea hapo. Nani alinituma? Nikamhimiza afungue "Watumishi Wetu", penye pointi zangu zote.

Simu ikaanza. Ile sauti ya upole haina haya hata chembe. Daktari wa upasuaji aliposomwa, wauguzi wakaziba midomo. Aliposomwa mhasibu, mkono ukaenda kichwani wenyewe. Nikaruka kuizima. Mama mkwe kaiinua juu, kaniambia nisimkatize, ndio kwanza tovuti inaanza kunoga. Kisha kikaja kitambi. Kikatangulia. Kikasikika kwenye vipaza sauti vyote vinne.

Mama mkwe akamuuliza Mkurugenzi kwa heshima zote kama kile kiatu bado kinambana.

Mkurugenzi akauliza nani kaandika. Hapakuwa na haja ya kumjibu. Ubao wangu ulikuwa ukutani nyuma yangu, mkubwa, na sura yangu, na Simba wangu, na orodha ya kila picha niliyoiandikia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Miwani aliposikia lake la punda alicheka. Alicheka kwa moyo mweupe! Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Alhamisi, 13 Machi

Miwani ni Mkuu wa Kitengo. Mlango wake nimeuona, una kufuli na kibao cha jina. Mimi nimehamishiwa stoo, kati ya maboksi ya karatasi na feni isiyozunguka. Kazi yangu ni kuandika upya maelezo ya picha zote, kisha nimsomee mama mkwe moja moja, na asipokubali hayapiti. Leo kayakataa yote. Kasema ameambiwa kwamba mtu anatabasamu, hajaambiwa kwa nini.

Amekwenda mwenyewe kliniki, kwa miadi aliyojiwekea mwenyewe. Kabla ya kutoka kaniambia kwamba katika maneno yangu yote ya miaka yote, yale ya kitambi ndiyo pekee aliyoyaamini. Nimelichukua kama pongezi. Mke wangu kasema si pongezi.

Lakini hapa stoo pana utulivu, na mtu akitulia hupata wazo. Kosa halikuwa mchezo. Kosa lilikuwa mada! Nimeanzisha Shindano la Unyenyekevu. Kuomba radhi, pointi kumi. Nimemwomba mhasibu radhi mara nne kabla ya chakula cha mchana, akanifungia mlango. Naongoza. Miwani hana hata pointi moja, na anajiita Mkuu!

Nimemwekea sura yake mwisho wa ubao mpya. Nimeiandikia na maelezo, mazuri kuliko yale ya kwanza. Nimeyaficha vizuri. Hakuna atakayeyaona.