Kapasita ya Kumbeba Bwana Harusi

Jumatatu, 8 Julai
Mpwa wangu Ashnil anaoa Jumamosi, kwa watu wa Tavua. Gari la kumpeleka halijaamuliwa. Tuko wawili: mimi mjomba wake, na Kamlesh, baba yake mdogo, dereva wa teksi hapa mjini Ba, Fiji. Dada yangu Roshni, mama wa bwana harusi, atachagua Ijumaa lenye muziki mzuri. Wangu ni mzito zaidi. Shida ni moja: kila besi ikipiga, taa za mbele zinafifia. Kamlesh ameniuliza kama gari langu linasinzia.

Jumanne, 9 Julai
Nimenunua kapasita. Nene kama kopo la maziwa ya unga. Kazi yake kuhifadhi umeme na kuutoa besi inapopiga. Fundi Apenisa kaniambia mambo matatu. Niijaze kwanza polepole kupitia balbu ndogo. Niweke fyuzi karibu na betri. Waya wa hasi uwe mfupi, ubane kwenye chuma kitupu, rangi ikwanguliwe. Akajitolea kunifungia bure. Nimekataa. Kamlesh angesikia.

Jumatano, 10 Julai
Balbu sikuwa nayo. Nikaunga hivyo hivyo. Cheche kama radi, na spana imemegwa ncha. Mke wangu Sunila akauliza kutoka jikoni kama nimepasua kitu. Nikamwambia ni sufuria yake. Akaja na sufuria mkononi, nzima.
Waya wa hasi nimeufunga kwenye boliti ya mkanda wa kiti. Kukwangua rangi niliyopiga mwenyewe? Hapana.

Alhamisi, 11 Julai
Taa bado zinafifia. Na sasa spika zinalia kama mbu. Nikikanyaga mafuta, mbu anapandisha sauti.
Nimekwenda kwa Kamlesh kunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi. Alipoingia ndani kuongeza maji nikachungulia buti la gari lake. Pale waya unapobana, chuma kitupu, kinang'aa. Akanikuta nimeinama.
“Mjomba, ngoja nikuwashie taa uone vizuri.”
Nikasema nimeangusha ufunguo. Akanisaidia kuutafuta, robo saa nzima. Ulikuwa mfukoni.

Ijumaa, 12 Julai
Roshni kapanda nyuma, anatoka kwa fundi cherehani na kilemba cha Ashnil. Muziki ukaanza. Akauliza nani analia. Nikasema ni fidla. Tukapanda kilima, fidla ikapanda nayo.
“Kaka, fidla yako inajua kuendesha gari?”
Kisha harufu. Waya mkuu ulikuwa umechunika chini ya zulia, na fyuzi sikuweka. Moshi, halafu kimoto. Nikachomoa betri, nikashika kilichokuwa karibu, nikaupiga moto hadi ukazima.
Kilikuwa kilemba.
Roshni hakufoka. Alikikung'uta, akakikunja taratibu, akateremka, akatembea kwenda nyumbani. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 13 Julai
Gari la Kamlesh. Mimi nilipangwa gari la nne, na masinia ya ladu, vile vidonge vitamu vya harusi. Nilikuwa nimeshapakata sinia Ashnil alipokuja. Kilemba wamekifunga upya, doa la moto limegeuziwa kisogoni.
“Mjomba, njoo ukae na sisi mbele. Bila wewe siondoki.”
Nikaketi kando ya Kamlesh. Macho yalinilowa, nikasingizia vumbi la barabara. Muziki wake ulikuwa safi, siwezi kudanganya humu. Njiani akaniambia kwa upole, bila kejeli hata chembe, kwamba ni kukwangua rangi tu, dakika kumi. Nikatazama mashamba ya miwa hadi Tavua.

Jumapili, 14 Julai
Nimelitafakari kwa utulivu. Watu wema, lakini umeme hawaujui. Kosa halikuwa rangi, wala fyuzi. Kapasita moja ni ndogo kwa muziki kama wangu. Nimeagiza mbili zaidi kutoka Suva. Jirani yetu Bwana Dharmend anamwoza binti yake mwezi ujao, na leo asubuhi nimemwahidi gari.