Kufuli la Kaunta

Jumatatu, 4 Mei 2026
Kazi ya ualimu wa kompyuta hapa Nchelenge ni yangu! Madame Simone, mkuu wa darasa, ataitangaza Ijumaa. Tumebaki wawili: mimi na Chouchou, mwanafunzi mwenzangu anayepanga hata nyaya kwa rangi. Kila mmoja ameandika programu ya kuwaonya wavuvi upepo ukichafua Ziwa Mweru. Itakayoichosha prosesa kidogo zaidi ndiyo itashinda. Naitaka kazi hii mno. Mama ameshatangaza kanisani.

Prosesa ina kaunta chache za kuhesabu kazi inayofanya. Programu zikizidi, kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, huzipa kaunta kwa zamu. Na kerneli ya darasa anaitunza nani? Mimi! Nimeiagiza iiruke zamu ya programu yangu, kazi yake isihesabiwe.

Jumanne, 5 Mei
Programu yangu imepata sifuri. Nikasimama, nikangoja makofi. Madame Simone akauliza kama niliiwasha. Chouchou alicheka mpaka akafuta machozi. Kumbe wizi nao unataka kiasi. Tutapima tena.

Jumatano, 6 Mei
Fikra mpya! Nipate zamu, lakini fupi. Kabla ya kugusa zamu lazima ushike kufuli, wawili wasizivuruge kwa pamoja. Nikalishika. Kisha nikaita sehemu ya kerneli inayopanga zamu. Nayo, kabla ya lolote, ikaomba kufuli lile lile. Mashine ikaganda. Nikalaumu sola. Nikalaumu joto. Nikamlaumu Chouchou, kwa sauti ya chini.

Alhamisi, 7 Mei
Tunazima, tunawasha, inaganda pale pale. Chouchou akasoma nilichoandika, kisha akapaza sauti mbele ya watu wote, kwa Kiswahili cha kwao: "Banza, ni weye njo uko mu choo, na ni weye njo unagonga mulango!" Darasa zima hoi. Aibu! Na kweli, nilikuwa najisubiri mwenyewe.

Ijumaa, 8 Mei
Kazi kapewa Chouchou. Imeniuma, sifichi. Lakini yeye mwenyewe ameniombea kwa Madame niwe msaidizi wake. Eti mtu hawezi kuharibu kerneli kwa undani hivyo bila kuielewa kidogo. Msaidizi! Nimetembea hadi ziwani nikiimba.

Jumatatu tunapima upya, tuchague programu ya kuwapa wavuvi, na yangu imo. Kosa nimeshaliona: kufuli lilikuwa moja. Safari hii nitaweka mawili, nishike moja huku nikisubiri lingine.